Wekundu wa Kope

Siku ile fundi cherehani hakupiga hodi. Aliingia uani utepe wa kupimia ukiwa bado unaning'inia shingoni, mkononi kashika chupa tupu ya dawa, akaiweka taratibu kando ya kinu kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Mama Kinu alikuwa amechuchumaa akipepeta mbegu za maboga. Alimwangalia usoni, akaacha kupepeta.

"Amekufa," alisema fundi.

"Nani amekufa?"

"Unaniuliza nani. Kwani ninao wangapi?"

Alikuwa naye mmoja tu, mbuzi wa maziwa mwenye pua nyeupe, na vitoto vyake viwili vilikuwa bado vinanyonya. Maziwa yake ndiyo yaliyoweka rangi kwenye chai ya nyumba ile tangu mume wa fundi alipofariki, na yakizidi yalinunua uzi. Fundi na Mama Kinu walikuwa marafiki wa miaka mingi, wale marafiki wanaotukanana asubuhi na kuazimana chumvi jioni, kwa hiyo Mama Kinu alingoja tusi. Tusi lingekuwa nafuu. Halikuja.

"Nimemnywesha asubuhi tatu kama ulivyoniambia," fundi aliendelea. "Kikombe kimoja, kabla hajala. Jana alilala, leo hakuamka. Ndiyo hivyo."

Mlangoni mwa banda la mbuzi, juu ya kigoda, Mzee Kope alikuwa akisuka kamba. Ni vizuri mzee huyu na mkewe waelezwe hapa hapa, msomaji asije akamwonea mtu bila kumjua. Majina yao ya kuzaliwa yalikuwa yamebaki kwenye vitambulisho tu. Haya mengine walipewa na mtaa, kwa sababu ya kazi. Kwa miaka thelathini walikuwa wakitibu minyoo ya mbuzi na kondoo wa majirani, na kazi hiyo waliigawa pande mbili zisizoingiliana. Mume alitazama, mke alitwanga. Mzee humbana mbuzi katikati ya magoti, akaishusha kope ya chini kwa kidole gumba, akaangalia rangi ya nyama ya ndani. Mnyoo wa tumboni hunywa damu, na damu ikipungua kope hupauka. Ikiwa nyekundu, mzee alisema "wekundu upo," na mbuzi akarudishwa kwao bila dawa, maana hakuwa mtu wa kumnywesha mnyama mzima. Ikiwa imefifia alisema "umepungua," na hapo ndipo Mama Kinu alipoingia na chupa yake: mbegu za maboga, mbegu za papai zilizokaushwa, kitunguu saumu, na majani machache ya mwarobaini, ambayo kwa mbuzi mwenye mimba hakuyatia hata kwa bahati mbaya. Na kope ikiwa nyeupe kabisa, mzee hakutoa chochote. "Huyu si wa kwetu," alisema. "Kimbia kwa bwana mifugo, sasa hivi." Watu walimheshimu kwa neno hilo kuliko kwa dawa yenyewe.

Mama Kinu hakuwahi kutazama kope hata moja, na mzee hakuwahi kuugusa mchi. Hakuna aliyeiweka sheria hiyo. Ilijiweka yenyewe, kama vile kila mtu huwa na upande wake kitandani.

"Shemeji," fundi alimgeukia mzee. "Wewe ndiye uliyemtazama."

Mzee Kope hakuinua uso kutoka kwenye kamba. "Nilimtazama. Nilisema umepungua kidogo. Kidogo tu."

"Kwa hiyo kope haikuwa mbaya."

"Haikuwa mbaya."

Mama Kinu alingoja aongeze neno. Mtu ukiishi naye miaka thelathini unajua sentensi yake inaishia wapi, na hiyo haikuwa imeisha. Kilikuwa kimebaki kipande cha kusema kwamba dawa ya mkewe nayo haikuwa mbaya. Mzee akaendelea kusuka. Fundi aliitazama kamba, akakitazama kinu, akaitazama mikono ya rafiki yake iliyojaa maganda ya mbegu.

"Haya," alisema, akatoka.

* * *

Habari kama hiyo haihitaji mpiga mbiu. Kufikia siku ya tatu chupa zilianza kurudi. Hakuna aliyegombana na Mama Kinu, na hilo ndilo lililomuuma, kwa kuwa mtu mkigombana naye unapata nafasi ya kujibu. Waliziacha kwenye kizingiti asubuhi na mapema zikiwa zimejaa vilevile, nyingine zimezungushiwa gazeti ili isijulikane ni za nani, ingawa yeye alizijua zote kwa vifuniko vyake. Bombani wanawake walimpisha atangulie kuchota. Kumpisha mtu kwenye foleni ya maji si heshima jamani, ni kutaka aondoke. Mama mmoja, ambaye kondoo wake sita walitibiwa bila yeye kutoa hata njiti ya kibiriti, alimwuliza kwa sauti ya huruma kama siku hizi huwa anasahausahau vitu.

Mchinjaji, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa chama cha wafugaji, alimwona akipita mbele ya bucha lake. "Mama Kinu," aliita, "ukitaka kumtibu mwingine nipe taarifa siku moja kabla, ninoe visu." Wateja wakaangua kicheko. Mama Kinu naye akacheka, maana angefanya nini.

Kisha kikarudi kitambaa. Alikuwa amempa fundi ashone gauni la kuvaa siku mtoto wa dada yake atakapoolewa, na sasa kilikuwa mlangoni ndani ya mfuko: mgongo, kifua, mikono miwili, pini zikiwa bado zimechomekwa. Mtu akikurudishia kitambaa kizima, labda kazi zimemzidi. Akikurudishia kilichokwisha kukatwa, ana neno moyoni. Mama Kinu alivipanga vile vipande juu ya kitanda, vikawa mtu aliyelala bila kichwa. Akavikunja haraka.

Alianza kujishuku. Alizitafuna mbegu za maboga moja moja, asikie kama zimeoza. Alikumbuka kwamba mbegu za papai safari ile zilianikwa siku ambayo wingu lilifunga. Je, ziliota ukungu? Alikisugua kinu kwa majivu na maji ya moto mpaka mbao ikabadilika rangi. Mwisho akajikaza kisabuni, akakoroga dawa ile ile kwa vipimo vile vile, akajimiminia kikombe.

"Unafanya nini?" aliuliza Mzee Kope, aliyeisikia harufu ya kitunguu saumu kutoka mlangoni.

"Nakunywa dawa."

"Ya mbuzi?"

"Ndiyo. Kikombe kimoja, kabla sijala. Leo ni asubuhi ya tatu. Kesho ukiona sijaamka, mwite yule mchinjaji, anavyo visu tayari."

Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema chai inapoa.

Mama Kinu hakufa. Alicheua kitunguu saumu mpaka jioni, tumbo likamsokota kidogo, akalala, akaamka. Hilo nalo halikumsaidia, kwa maana alibaki na swali lake lile lile: kama kope haikuwa mbaya na dawa haikuwa mbaya, mbuzi wa watu aliuawa na nini?

* * *

Jibu alilipata Jumanne, bandani kwake.

Walikuwa na mbuzi kumi na mmoja. Mmoja waliyemwita Karani, kwa kuwa alilia kwa kukatakata kama anayeita majina kwenye daftari, alikuwa amenyamaza tangu juzi. Alisimama pekee pembeni, na chini ya taya yake palikuwa na uvimbe laini, kama amebeba maji kwenye mfuko. Mzee alikuwa na maumivu ya goti wiki ile, akashindwa kumbana mnyama, akamwomba mkewe amshikie kichwa. Kwa hiyo Mama Kinu alikuwa amekaa uso kwa uso na Karani wakati kidole gumba cha mumewe kiliposhusha kope.

"Wekundu upo," alisema mzee. "Mwachie."

Mama Kinu hakumwachia. Alichokiona ndani ya kope kilikuwa cheupe pe, hakuna hata tone la waridi. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba labda yeye ndiye asiyejua, labda wanaume wanaotazama kope wana wekundu wao mwingine.

"Hebu tazama tena."

Kidole kikashusha kope mara ya pili. "Upo, nimesema."

"Mume wangu."

"Naam."

"Kitambaa nilichojifunga kichwani leo kina rangi gani?"

Mzee aliinua uso, akaukunja. Karani alikohoa mara mbili. "Si kile chako cha siku zote," mzee alisema mwishowe.

"Cha rangi gani?"

"Cha..." Akanyoosha mkono ukaelekea kwenye kichwa cha mkewe, kana kwamba rangi nayo hushikika, halafu akaurudisha mapajani. "Sioni, mke wangu."

Alikaa chini pale pale, juu ya samadi, akamsimulia. Ugonjwa wa macho ulianza mvua za mwaka juzi. Kwanza alidhani ni vumbi la banda, akawa ananawa uso mara tano kwa siku. Mtu alimwona kama kivuli, mlango aliuona ukiwa karibu, kwamba hapa pana mbuzi alijua. Rangi ndizo zilizokwenda kabisa.

"Na mbuzi wa watu ulikuwa unawatazamaje, mwaka mzima na zaidi?"

"Kwa kidole. Kope yenye damu ina joto. Iliyopauka ni baridi, halafu ina utelezi. Mara nyingi napatia."

"Mara nyingi."

"Mara nyingi, haki ya Mungu."

"Na wa fundi?"

Mzee aliipangusa mikono yake kwenye suruali, ingawa ilikuwa mikavu. "Siku ile ilikuwa asubuhi, nimetoka kunawa. Mikono yangu yenyewe ilikuwa baridi."

Mama Kinu hakuwa mwanamke wa kupandisha sauti, lakini siku hiyo mbuzi kumi walikimbilia upande wa pili wa banda. "Nimekunywa dawa ya minyoo kwa ajili yako. Nimepishwa bombani kama mgonjwa wa upele. Rafiki yangu amenirudishia kitambaa kimekatwa. Na wewe muda wote umekaa pale kwenye kigoda chako unanitazama."

"Sikuwa nakuona vizuri," alisema mzee.

Hakusema kwa mzaha. Lilikuwa jibu la kweli kiasi kwamba hasira ya Mama Kinu ilipoteza njia, akajikuta analia, na hakujua analia kwa kuonewa au kwa kumpenda mtu huyu mzee aliyekaa juu ya samadi na suruali yake safi. Yote mawili yalikuwemo.

"Nilitaka kusema siku ile ile," mzee alisema. "Ulimi ulikuwa mzito. Wakijua sioni, mke wangu, nitakuwa mzee tu, wa kuonyeshwa njia ya chooni."

"Na mimi sasa hivi ni nani? Mimi ni muuaji wa mbuzi."

"Najua."

"Unajua, halafu?"

"Jumamosi kuna mkutano wa chama. Nipe mpaka Jumamosi. Nitasema mwenyewe, mbele yao wote. Usinisemee wewe, nakuomba. Ukinisemea utakuwa umenimaliza."

Mama Kinu alifuta uso kwa ncha ya kile kitambaa chake, ambacho kilikuwa cha kijani. Akasema sawa.

* * *

Karani hakuweza kusubiri Jumamosi. Mchana ule ule Mama Kinu alienda ofisi ya bwana mifugo, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Ilikuwa chumba kimoja chenye benchi, kalenda ya mwaka uliopita, na jokofu la chanjo lililobandikwa karatasi ya kukataza watu kuweka soda zao humo. Bwana mifugo alikuwa kijana wa buti za mpira. Alipomwona aliweka kalamu chini.

"Shikamoo mama. Leo makubwa, Mama Kinu ofisini kwangu."

"Marahaba, mwanangu. Nina mbuzi mwenye kope nyeupe na uvimbe chini ya taya."

"Nani aliyemtazama?"

"Mimi."

Kijana alimwangalia tena, safari hii bila tabasamu. Alimuuliza ukubwa wa mbuzi, akampimia dawa ya kunywesha, akamweleza ampe leo leo kabla jua halijazama, na majani mabichi yafuate. Kisha akatoa kadi iliyotobolewa tundu na kufungwa uzi. Ilikuwa na picha tano za kope zimepangwa kutoka nyekundu iliyokolea mpaka nyeupe. Mama Kinu aliishika kwa mikono miwili. Miaka thelathini ya mumewe ilikuwa imeenea kwenye kipande cha plastiki kisichozidi kiganja.

"Mnachofanya nyumbani si ujinga," alisema bwana mifugo. "Kutibu yule tu anayehitaji, ndivyo hata sisi tunavyofundishwa. Na mbegu zako huenda zikamsaidia mwenye minyoo michache, sikatai. Ila aliyefika hapa," akagusa picha ya chini, "ukimpa mbegu unampotezea muda, naye muda hana."

"Mume wangu huwa anasema hivyo hivyo."

"Basi yule wa fundi ilikuwaje?"

Mama Kinu aliiangalia kadi. "Sijui," alisema, na masikio yakamwaka moto.

Karani alinyweshwa. Keshokutwa yake alilia jina moja, kwa sauti ya chini, akala.

Siku hiyo hiyo, Alhamisi, Mama Kinu alikutana na fundi bombani. Walikuwa wawili tu. Vile vitoto vya mbuzi vilimfuata fundi kwa nyuma, vimekonda, kimoja kikinyonya pindo la sketi yake. Fundi aliweka ndoo, akatazama pembeni. Maneno yalimjaa Mama Kinu mdomoni, yote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akakumbuka ahadi aliyoitoa bandani, akayameza, akajitwisha ndoo yake ikiwa nusu.

* * *

Mkutano ulifanyika kwenye kibanda cha josho la kuogeshea ng'ombe, chini ya mabati. Walikuja watu kama ishirini. Mama Kinu alimshika mumewe mkono tangu nyumbani, na waliowaona walidhani ni yeye anayeegemea. Walikaa benchi la mbele. Fundi alikaa la nyuma, kimto chake cha pini kikiwa bado kimefungwa kwenye kifundo cha mkono, maana alikuwa ametoka kazini.

Mchinjaji alisimama, akasoma ajenda ya dawa ya dipu, akasoma ajenda ya uzio, kisha akakohoa. "Ajenda ya tatu. Hii ni ngumu kidogo, wote ni wenzetu. Ni kuhusu dawa ya Mama Kinu. Mama, hebu simama utueleze huwa unatia nini."

Alisimama akataja. Mbegu za maboga. Za papai. Kitunguu saumu. Mwarobaini. Kila alipotaja kitu, mtu aliuliza kiasi gani, na mwingine akauliza kwa mkono au kwa kijiko, na mwingine, yule wa kondoo sita, akauliza kama kinu hicho ndicho anachotwangia chakula chao. Watu walicheka kidogo. Alijibu yote. Alijibu kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa akiwa na miaka sitini na moja. Kila baada ya jibu alimtupia jicho mumewe. Mzee alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, midomo imekauka. Hakusema.

"Na siku ile hukukosea chochote?"

"Sikukosea."

"Lakini mzee alisema kope haikuwa mbaya."

Mama Kinu alinyamaza. Ahadi ni ahadi, hata inapokukalia kooni. Bwana mifugo, aliyealikwa na kukaa pembeni, aliwaangalia wote wawili.

"Basi tusimalize siku," alisema mchinjaji. "Mimi sina ugomvi na mtu. Anayeona ni heri mama huyu asitoe dawa tena, anyooshe mkono."

Kwanza hakuna aliyejitokeza. Kisha wa kondoo sita akanyoosha, na mwingine, na mwingine. Mchinjaji akanyoosha wa kwake, kwa kuwa ndiye aliyeuliza. Mama Kinu alikuwa bado amesimama, akaviona viganja vimepanda, vingine alivijua tangu vikiwa vya watoto. Akageuka nyuma. Mkono wa fundi nao ulikuwa juu, na kimto cha pini kwenye kifundo chake. Hapo moyo wake ulivunjika, na ni vizuri kusema hivyo bila kuzunguka.

Ndipo Mzee Kope aliposimama. Alishika bega la mkewe kwa mkono mmoja.

"Mmeshanyoosha?" aliuliza.

Watu walidhani anakejeli. "Si unaona, mzee," alisema mchinjaji.

"Sioni. Nasikia nguo tu zinachakarika. Mke wangu, hebu nihesabie, ni mikono mingapi?"

Mama Kinu alihesabu kwa sauti, akianzia kushoto, hakuruka hata mmoja. "Kumi na mitatu."

"Kumi na mitatu," mzee alirudia. "Sasa nisikilizeni. Huu ni mwaka wa pili sioni rangi. Nyekundu, nyeupe, kwangu zote ni moshi. Mbuzi wenu nimekuwa nikiwapapasa kwa kidole na kusema nimeona. Mbuzi wa fundi nilimpapasa, nikasema umepungua kidogo. Sikujua. Labda ilikuwa nyeupe. Kama ilikuwa nyeupe, ilitakiwa nimwambie akimbie kwa huyu kijana, kama nilivyowaambia ninyi siku zote. Dawa ya mke wangu haikuwa na kosa. Yeye alipewa neno langu, akatwanga kulingana na neno langu. Na mlipomlaumu, nilikuwepo, nikanyamaza." Akaushusha mkono kutoka begani mwa mkewe. "Niliona aibu ya macho kuliko aibu ya kumwacha mwenzangu asemwe. Hilo ndilo nililofanya."

Akabaki amesimama, kwa sababu hakujua kama benchi lilikuwa nyuma yake sawasawa.

"Ehe, mke wangu," alisema baadaye. "Sasa mingapi?"

Mama Kinu alipitisha macho. Mikono ilikuwa ikishuka mmoja mmoja, kimyakimya, kama watu wanaokumbuka kwamba wameacha kitu jikoni. Wa kondoo sita alikuwa ameukalia wake. Mchinjaji alikuwa akijikunia shingo.

"Mmoja," alisema.

"Wa nani?"

"Wa fundi."

Fundi hakuushusha. Alisimama nao ukiwa juu vilevile. "Shemeji, nimekusikia. Mbuzi wangu hatafufuka, lakini nimekusikia. Sasa nataka kumuuliza huyu." Akamkazia macho rafiki yake. "Wewe ulijua lini?"

Mama Kinu angeweza kusema leo. Hakuna ambaye angembishia.

"Jumanne," alisema.

"Leo Jumamosi. Alhamisi tulikutana bombani."

"Tulikutana."

"Ukaniona na vile vitoto viwili."

"Nilikuona."

"Ukajitwisha ndoo yako, ukaenda zako."

"Nikaenda."

Bwana mifugo alitazama buti zake. Ndani ya josho maji yalisikika yakidondoka kutoka kwenye bomba bovu. Mkono wa fundi bado ulikuwa juu, na Mama Kinu aliutazama bila kuomba kitu, kwa kuwa alijua hana haki ya kuomba.

"Siku nne," alisema fundi, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mume wangu angekuwa hai, halafu akaniomba ninyamaze, mimi ningenyamaza mwaka."

Mzee Kope aligeuza uso kufuata sauti, akatega masikio ndani ya moshi wake, akingoja kusikia nguo ichakarike.

"Mkono umeshuka?" alimnong'oneza mkewe.

"Umeshuka," alisema Mama Kinu. "Anajifutia macho."